Nimeitwa kazi ya udadisi Kagera. Nyuma ya ripoti za uchumi wa mkoa kuna watu gani hasa?

Kijana wa Igoma

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimemaliza shahada ya uchumi mwaka jana. Tangu nikiwa chuoni nimetamani kufanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, zile zinazotoa ripoti za hali ya maisha: mkoa fulani umepanda, mkoa fulani bado uko nyuma. Nimeomba nafasi ya msaidizi wa utafiti sehemu nyingi Dar na Dodoma, majibu hakuna. Wiki iliyopita taasisi moja imenipigia simu, wananitaka kwenye timu ya wadadisi, wale wanaohoji watu nyumba kwa nyumba, utafiti wa kaya mkoani Kagera. Mafunzo yanafanyika Bukoba, kisha tunaingia vijijini. Mkataba mfupi, posho ya siku, na baada ya hapo hakuna ahadi yoyote.

Baba anasema hakunisomesha ili nikagonge milango ya watu kuwauliza wamekula nini. Kaka anasema niende. Mimi bado sijaamua, na nina maswali mawili kwa waliowahi kuwa ndani.

La kwanza, taasisi hizi zina watu gani hasa? Ukifungua ripoti unaona majina mawili matatu juu, profesa na daktari, basi. Mdadisi ni mtu wa taasisi au ni kibarua anayepita? Yupo aliyeanzia huko akafika kwenye uchambuzi?

La pili, takwimu za mikoa zikitoka, Kagera inawekwa chini kwa pato la wastani la mtu. Lakini Wahaya ninaowafahamu hapa Mwanza wengi maisha yao yamekaa vizuri tu. Sasa hao watafiti wanahesabu nini?

Karani 2022

Nenda, mdogo wangu. Mimi nilianza na Sensa ya 2022, kishikwambi mkononi na kizibao mgongoni, na tangu hapo naitwa kwenye tafiti. Ila kabla ya kusaini uliza haya: posho inaingia lini, kila wiki au mwisho wa kazi? Usafiri wa kutoka kambini kwenda kitongojini ni wao au ni wewe na bodaboda wako? Ukianguka na pikipiki nani anagharamia matibabu? Kuna kazi nilifanya, jina la taasisi naliacha, tulimaliza vijiji vyote ndipo tukaanza kudai hela yetu. Sitaki yakukute.

La mikoa nawaachia wachumi.

Mama Koku

Marahaba mwanangu. Nimeanza kama mdadisi hapa Bukoba enzi za madodoso ya karatasi, nikawa msimamizi wa timu, na Kagera hii nimeizunguka kuanzia Ngara mpaka visiwani. Acha nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuonyesha watu unaowaulizia.

Pato la mkoa huhesabiwa pale kazi inapofanyika. Kijana wa Kamachumu akifungua duka la vipuri Mwanza, akaajiri watu watano, thamani yote hiyo inaandikwa Mwanza. Akipeleka hela nyumbani, mama yake akaezeka bati, katika pato la Kagera inaonekana kidogo sana au haionekani kabisa. Na mipaka yenyewe haitulii. Chato ilikuwa Kagera, mwaka 2012 ikapelekwa mkoa mpya wa Geita. Mkulima wa pale alilala Kagera akaamka Geita, jembe ni lile lile. Kwa hiyo ukiniuliza mkoa umeendelea, mimi nitakuuliza unataka habari za ardhi ya mkoa au za watu waliozaliwa humo. Ni vipimo viwili, na hicho cha pili ni kigumu kupata kwa sababu lazima mtu amfuate mtu.

Hapa kwetu ilifanyika. Ugonjwa wa ukimwi Tanzania ulitambuliwa kwanza Kagera, mwaka 1983. Miaka michache baadaye kila ukoo ulikuwa na makaburi mapya, na wachumi wakataka kujua kaya inaishije ikifiwa na mtu mzima aliyekuwa anailisha. Mwaka 1991 ukaanza utafiti wa kaya 915 katika vijiji na mitaa 51, wilaya zote za mkoa wakati ule: Bukoba Mjini, Bukoba Vijijini, Muleba, Karagwe, Ngara na Biharamulo. Upande wa Benki ya Dunia walikuwapo Martha Ainsworth na Mead Over. Upande wetu George Lwihula, Phare Mujinja, Innocent Semali na Godlike Koda, wasomi wa vyuo vyetu wenyewe. Kaya zikatembelewa na kurudiwa mpaka 1994.

Kisha ikapita miaka kumi. Mwaka 2002 Mbelgiji mmoja aliyekuwa amekwishaizoea Kagera, Joachim De Weerdt, alianzisha kampuni ya utafiti hapa hapa Bukoba, EDI. Nasisitiza Bukoba, maana kila mtu anadhani utafiti lazima ukae Dar. Mwaka 2004 yeye na Kathleen Beegle wa Benki ya Dunia na Stefan Dercon wa Oxford wakaamua jambo ambalo wengi huliogopa: tusirudi kwenye nyumba, turudi kwa mtu. Kila jina lililoandikwa 1991 hadi 1994, zaidi ya watu 6,300, litafutwe popote lilipo.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoielewa kazi hii. Unapewa karatasi: jina, jinsia, umri wa wakati ule, mtoto wa nani. Binti aliyekuwa na miaka tisa sasa ana kumi na tisa au ishirini na mbili, ameolewa, jina la ubini limebadilika, na kijijini wanamjua kwa jina la nyumbani ambalo karatasi haina. Unaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Anakupeleka kwa shangazi. Shangazi anasema yuko Biharamulo, mume ni mwalimu. Unafika Biharamulo, mwalimu amehamishwa. Unawaachia wenzako wa timu ya Mwanza ujumbe, nao wanaendelea. Wengine walikuwa Dar, wengine Uganda, na watu walikwenda kuwatafuta huko huko. Mwisho wa kazi, katika kaya 93 kwa kila 100 zile za mwanzo alipatikana angalau mtu mmoja akahojiwa upya. Na kwa kuwa watoto wamekua na kujitegemea, kaya 915 zikawa zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 tukarudi tena, zikawa zaidi ya 3,300.

Nani aliyefanya asilimia hiyo 93? Profesa hakuwepo kwa shangazi. Alikuwepo mdadisi aliyejua kukaa mkekani bila haraka, na dereva aliyejua kwamba barabara ya Ngara mvua ikinyesha usiulize ramani, uliza wauza ndizi.

Sasa sikia kilichopatikana. Kwa sababu walifuatwa watu, iliwezekana kuwalinganisha ndugu waliolelewa nyumba moja, wamekula sahani moja mwaka 1991, mmoja akabaki na mwingine akahama. Aliyehama matumizi yake yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu yake aliyebaki. Waliobaki hawakusimama, walisogea, lakini pengo ni hilo. Sasa mtafiti ambaye angerudi kijijini tu na kuhoji waliopo angesema Kagera imesogea kidogo, akafunga begi. Hao Wahaya wako wa Mwanza asingewaona kabisa.

Na usidhani kila aliyetoka kwenye umaskini alikwenda jijini. Uchambuzi uliofanywa baadaye kwa data hizo hizo, wa Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliovuka walivuka kwa kuacha kilimo na kuingia shughuli nyingine kule kule vijijini, au kwa kuhamia miji midogo. Waliovuka kwa kwenda jiji kubwa ni mmoja katika saba. Wa jijini alipanda haraka zaidi, sawa, ila wengi walipandia mahali kama Muleba, Kayanga, Biharamulo: cherehani, mashine ya kukoboa, genge, duka la dawa. Mimi nikipita Kyaka siku ya gulio nawaona. Ukikaa na viongozi wanaopanga bajeti, hili ndilo jambo ningependa walisikie kabla ya kumwaga kila kitu kwenye jiji.

Turudi kwa watu. Umeuliza kama mdadisi ni mtu wa taasisi. Mkataba unasema ni wa muda, na hapo sikudanganyi. Lakini takwimu inazaliwa mkononi mwake. Chukua chakula. Dodoso linauliza kaya imenunua chakula cha shilingi ngapi. Bibi wa Kihaya mwenye kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, atakujibu hajanunua kitu, na anasema kweli: ndizi ni zake, maharage yake, kahawa ya kutafuna yake, samaki kaletewa na mjukuu. Mdadisi mvivu anaandika sufuri, na bibi anakuwa fukara wa mwisho duniani. Mdadisi mzuri anauliza: mkungu mmekata lini? Mkubwa au mdogo? Mmekula wote au mmegawa? Ule mkungu hauna bei kwenye risiti, na mikungu hailingani, wa Karagwe na wa pwani ya ziwa ni vitu viwili. Ndiyo maana timu makini hubeba mizani na kupima vipimo vya sokoni, mkungu, chana, debe, kisado, fungu la dagaa, kila soko na lake. Kazi hiyo ya mizani haitajwi popote kwenye muhtasari wa ripoti, na bila hiyo ripoti yote ni bure.

Lipo jambo zito zaidi. Unasoma orodha ya watu wa kaya: fulani yuko wapi sasa? Kagera, kwa orodha iliyoandikwa 1991, jibu mara nyingi lilikuwa amefariki. Unasoma jina la pili, amefariki. La tatu ni la mtoto. Hapo huwezi kuendelea kana kwamba unahesabu magunia. Unaweka kalamu chini, unatoa pole, unanyamaza mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme tuendelee. Wapo vijana wenye akili nyingi ambao hawakuliweza hilo, na wapo waliomaliza kidato cha nne tu wakaliweza kuliko sote. Tulifanya kazi na Mnyambo, Mhangaza, Msubi, Msukuma. Mtu akilia analia kwa lugha yake, na ilikuwa lazima awepo wa kumsikia.

Nyuma yako wewe atakuwepo msimamizi anayesoma kila dodoso jioni, na atakayerudi nyumba chache bila kukuambia kuhakikisha ulifika kweli. Yupo anayeingiza na kukagua data, akikuta mwanamke wa miaka thelathini ana mtoto wa miaka ishirini na tano anarudisha swali kijijini. Yupo anayeshughulikia kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua za mkoa na wilaya. Hao wote ndio taasisi. Wenye majina juu ya ripoti wengi wanalijua hili, na walio bora kati yao niliwaona wakilala nyumba zile zile za wageni tulizolala sisi.

Na ndiyo, wapo walioanzia kwenye kalamu. Vijana niliowasimamia, mmoja leo anaongoza kitengo cha data, mwingine anamalizia shahada ya uzamivu. Mwambie baba, kwa heshima, kwamba hutaenda kugonga milango tu. Utakwenda kuona uchumi aliokulipia ada usome unavyoishi ndani ya nyumba za watu.

Mchambuzi wa Makongo

Mama Koku amesema karibu yote. Mimi nakaa upande wa pili, data zikishafika mezani, kwa hiyo nitaongeza ya huko.

Kuhusu wakubwa: kwa Tanzania wengi wametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa miaka mingi walikuwa wanafahamiana wote. Taasisi za utafiti za ESRF na REPOA zote ni za miaka ya 1990, wakati serikali na wafadhili walipohitaji utafiti wa sera unaofanywa na Watanzania wenyewe. Profesa Joseph Semboja aliiongoza REPOA tangu mwanzo wake. Profesa Samuel Wangwe aliongoza ESRF, na baadaye REPOA. Wenzetu Kenya wana KIPPRA, iliyoanza kazi 1999 chini ya Mwangi Kimenyi, na Uganda wana EPRC pale Makerere. Hao ni watu wa kuheshimiwa. Lakini kama unatafuta mahali pa kujifunza jinsi namba inavyotengenezwa, hutajifunzia ofisini kwa mkurugenzi.

Nikupe ushahidi. Mwaka 2007 na 2008 ulifanyika utafiti hapa nchini, wa watu wale wale karibu, De Weerdt na Beegle pamoja na Jed Friedman na John Gibson. Kaya zaidi ya 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 8, na kila kundi likaulizwa matumizi kwa namna yake. Wengine waliandika daftari kila siku, wengine walikumbuka siku 7 zilizopita, wengine wiki mbili, wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula na wengine fupi. Wilaya zile zile, msimu ule ule. Kiwango cha umaskini kilichotoka kilitofautiana sana kati ya kundi na kundi, kwa sababu ya jinsi swali lilivyoulizwa. Nilipousoma mara ya kwanza sikulala vizuri. Fikiria wilaya mbili zinalinganishwa, halafu tofauti yake inatokana na urefu wa orodha ya vyakula.

Mimi nikifungua faili, kila mdadisi ana namba yake. Baada ya siku chache najua namba gani ni makini. Kuna namba ambayo kila kaya yake imekula kilo moja kamili ya kila kitu, hiyo najua inakadiria. Kuna namba ambayo pembeni imeandika "kibanja kimepigwa na mnyauko tangu masika, ndiyo maana hawauzi". Sentensi hiyo moja imewahi kunizuia nisitupe kaya nzima kama kosa la uandishi. Nilipopata nafasi ya kupendekeza msaidizi wa uchambuzi, nilimtafuta mwenye namba hiyo.

Kabla hujaenda, pakua data za Kagera. Ziko wazi bure kwenye tovuti ya tafiti za kaya za Benki ya Dunia, majina yameondolewa. Jifunze kuzifungua kwa programu za takwimu, Stata au R. Ukirudi kutoka kijijini utazisoma kwa macho mengine, na hapo ndipo utakapoandika barua ya maombi ambayo mtu ataijibu.

Ta wa Nshamba

Nawasalimu wote. Nimesoma, na mimi nataka kuongea kama mtu aliyehojiwa.

Walikuja kwangu vijana wawili, wapole, wana barua ya mtendaji. Walitukalisha tangu asubuhi mpaka jua la saa sita. Mke wangu aliacha kuanika kahawa. Waliuliza kila kitu: mbuzi, vitanda, deni la dukani, ada, hata nani alitusaidia tulipofiwa. Nikajibu kweli yote kwa sababu waliniambia itasaidia mkoa. Walipoondoka walituachia sabuni mbili. Jina la waliowatuma silitaji, na vijana wenyewe hawakuwa na kosa.

Hadi leo sijasikia neno. Mwenyekiti hajasikia. Mtendaji amehama. Najua kuna kitabu mahali fulani ambamo mimi ni namba. Kama waligundua kwamba watu wetu wanavuka kwa kwenda Muleba mjini kufungua vibanda, mbona mimi naambiwa na Mama Koku leo, na wanangu wawili walikuwa wanahangaika kuamua waende wapi? Habari hiyo ilikuwa ya kwetu, waitu. Tulitakiwa kuipata wa kwanza.

Mama Koku

Ta, shikamoo. Sina la kubisha hata moja.

Nikueleze nilivyoona. Pesa za utafiti hupangwa mpaka ripoti itoke, ikishatoka hazipo tena. Hela ya mafuta ya kurudi kijijini kusema tulichokipata huwa haimo kwenye bajeti, au imo ikawa ya kwanza kukatwa. Miaka yote nimeipigania kwenye vikao. Mara nyingine nimeshinda, na nikishinda naenda mwenyewe.

Kuna kijiji cha Nyakatoke, hapa hapa Kagera. Mwaka 2000 De Weerdt alizihoji kaya zake zote 119, na akazirudia mara kadhaa ndani ya mwaka ule ule. Kila mtu mzima akaulizwa: ukipata shida unamtegemea nani, na nani anakutegemea wewe? Ikachorwa picha ya kijiji kizima, nani ameshikana na nani kwa damu, kwa ujirani, kwa dini. Wachumi wa dunia nzima mpaka leo wanafundishia wanafunzi wao kwa picha hiyo ya kaya 119. Nikiifikiria najivuna kama Mhaya, na hapo hapo naona deni. Picha kama hiyo mwenyekiti wa kijiji angeweza kuitumia kesho yake: kaya zipi hazimo kwenye kikundi chochote cha kuzikana, mzee gani hana hata mmoja aliyemtaja.

Kwa mujibu wa utaratibu wetu mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu. Hakuna haja ya warsha ya hotelini. Karatasi moja ya Kiswahili, namba tano, mtu mmoja anayejua kuzieleza, nusu saa kwenye mkutano ambao tayari upo. Gharama yake ni ndogo kuliko chai ya uzinduzi wa ripoti Dar. Watu wakishaambiwa walichosema miaka mitano iliyopita, mzunguko unaofuata hawakuhesabii saa. Wanakuuliza wao wenyewe mbona mmechelewa.

Kwa hiyo wewe kijana wa Igoma, siku ya mafunzo watakapouliza "kuna swali?", simama uulize matokeo yatarudije kijijini na ni nani mwenye jukumu hilo. Usiogope kuonekana mjuaji. Mdadisi akiuliza hilo mbele ya wote, msimamizi analiandika.

Na Ta, wanao wawili. Kama mmoja ana ufundi wowote mkononi, Muleba au Kayanga si mbaya kuanzia, kodi ya kibanda inabebeka na nyumbani ni karibu, chakula cha kibanja kinamfikia. Uliza kwanza waliotangulia kutoka kitongoji chenu, maana waliohama hufuata walipo ndugu, na huko ndiko hupokelewa.

Ta wa Nshamba

Marahaba. Mkubwa ni fundi seremala. Nitamwambia.

Kijana wa Igoma

Asanteni sana. Nimemsomea baba majibu yote ya Mama Koku. Alinyamaza muda, halafu akauliza kama Bukoba mvua ni nyingi hivyo wanavyosema, nikajua ameruhusu. Nitasaini, ila kwanza nimewaandikia maswali ya Karani 2022 kuhusu posho na matibabu, nasubiri wajibu kwa maandishi.

Mama Koku, swali la mwisho. Kihaya sijui hata neno. Mimi ni Msukuma wa mjini. Hilo litanikwamisha?

Mama Koku

Halitakukwamisha. Kiswahili kinatosha nyumba nyingi, na Biharamulo Kisukuma chako kitakufaa. Kwa wazee watakupa mwenzako anayejua lugha. Usimtumie mtoto wa nyumba ile kukutafsiria, hata akijitolea. Mama hatasema deni lake mbele ya mwanawe. Jifunze salamu na pole, hizo mbili zisikushinde. Mwanamke mzima muite mama, mzee muite baba, na ukikaribishwa kahawa ya kutafuna ipokee kwa mikono miwili.

Buti la mvua lazima. Baba ameuliza vizuri.

Na kwenye ukurasa wa orodha ya wanakaya, usiandike jina moja na herufi ya ubini kwa sababu mkono umechoka. Andika majina yote matatu, jina la nyumbani analoitwa, alikozaliwa mama yake, na simu ya ndugu mmoja anayeishi nje ya kaya ile. Watoto usiwaruke, hata yule wa wiki mbili. Kuna mtu atakayepewa orodha hiyo baada ya miaka kumi akaambiwa awatafute.